Kiungo Aliyebebwa Mabegani

Ukiniuliza jambo lote lile lilitugharimu nini, nitakuambia bila kuzungusha: chapati arobaini, sinia moja ya halua ya Kiomani, na kiungo bora kuliko wote niliowahi kuwaona wakikanyaga nyasi za Dubai. Chapati nilizihesabu mwenyewe, mara mbili, nikiwa na umri wa miaka kumi, na zilikuwa arobaini. Mama yangu anabisha mpaka leo kwamba zilikuwa thelathini na tisa, kwa sababu moja iliungua na baba akaila akiwa amesimama. Kuhusu kiungo hatubishani, maana kiungo alikuwa yeye.

Msimu ule hunijia puani kabla ya kunijia machoni. Viwanja vya huku humwagiliwa maji ambayo mji mzima umekwisha kuyatumia, yakasafishwa, yakapitishwa ardhini kwenye mipira myeusi, na jua likianza kushuka nyasi hutoa harufu ambayo si mbaya wala si nzuri, kama nguo iliyofuliwa vizuri kisha ikasahauliwa ndani ya ndoo. Juu ya harufu hiyo weka dawa ya misuli, maganda ya machungwa, na mchanga mkavu unaopeperuka kutoka kiwanja jirani ambacho kilikuwa bado hakijajengwa. Ndivyo Ijumaa zetu zilivyonukia. Hata leo nikipita kwenye bustani yoyote saa za kumwagilia, shingo hugeuka yenyewe kumtafuta mwanamke mfupi mwenye hijabu nyeusi na jezi namba kumi na nne.

Tuliishi Al Nahda, kwenye mojawapo ya minara ya karibu na mpaka wa Sharjah, katika nyumba ya vyumba vitatu, kaya tatu na jiko moja. Chumba chetu kilikuwa na kitanda, godoro langu lililoegemezwa ukutani mchana, na dirisha lililotazama dirisha la watu wengine. Chumba cha pili alikaa Anti Florence, Mkenya wa Kakamega aliyesafisha vyumba vya hoteli na aliyeweza kupiga vigelegele kwa sababu yoyote iliyojitokeza. Cha tatu kilikuwa cha vijana wa Kiganda, walinzi, ambao siwezi kuwasimulia kwa kuwa walikuwa ama wamelala ama wako zamu. Baba aliuza vitambaa kwenye duka la Mhindi mmoja Bur Dubai na alirudi nyumbani na mazoea ya dukani. Ukimwambia chakula kitakuwa tayari saa mbili, atataka saa moja, mtakutana saa moja na nusu, naye atakwenda kuoga akijiona ameshinda.

Mama alikuwa mhudumu wa basi la shule. Kazi yake ilikuwa kuvaa kizibao cha manjano, kuwafunga watoto mikanda, kuwapokea kwa wazazi na kuwakabidhi kwa walimu, na zaidi ya yote kuwahesabu. Aliwahesabu wakipanda, akawahesabu wakishuka, kisha akatembea mpaka kiti cha mwisho akiinama chini ya kila kiti, kwa sababu mtoto akisahaulika ndani ya basi kwenye jua la huku, hakuna atakayekuja kusikiliza maelezo yako. Hata kama waliobaki ni watoto wawili, aliwahesabu mara mbili. Mimi nimerithi kuhesabu kutoka kwake na kukataa bei ya kwanza kutoka kwa baba, na kwa urithi huo nimefungua duka.

Kabla ya Dubai, na kabla ya baba, mama alikuwa akicheza netiboli kwao Tanga, timu ya mtaa huko Ngamiani. Hakuwa akilizungumzia jambo hilo. Nililijua kwa sababu ya kile kilichotokea kwenye uzio wa shule, na hicho nacho sikukiona. Nilisimuliwa na Bwana Gul, dereva wa basi, Mpathani mwenye ndevu za hina, ambaye kila mwaka aliongeza kidogo urefu wa mruko. Ilikuwa mchana, watoto bado hawajatoka, mama amesimama mlangoni mwa basi. Upande wa pili wa uzio, mwalimu wa michezo, Mwaustralia mrefu mwenye mabaka ya jua puani, jina lake Keri, alikuwa akiwafundisha wasichana wakubwa mpira wa kwao, ule wenye umbo la yai. Mpira ukavuka uzio, ukaja moja kwa moja kwenye kioo cha mbele cha basi. Bwana Gul akafunika uso. Mama akaruka, akaudaka kwa ncha za vidole, akatua kwa mguu mmoja, akasimama tuli kama msumari, akaurudisha kifuani kwa Keri, na kizibao chake kilikuwa bado kinapepea.

Keri akaja mpaka kwenye uzio akiwa ameukumbatia mpira. Walizungumza Kiingereza, na Kiingereza cha mama kilikuwa cha basi: kifupi na cha amri.

"Wewe unacheza mchezo gani?"

"Mimi nahesabu watoto," mama akajibu.

"Na Ijumaa unahesabu nani?"

"Ijumaa nafua."

"Njoo ufulie kiwanjani kwetu."

Jioni ile mama alilitoa jambo hilo mezani kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichokusudia kukinunua. Baba akaweka kijiko chini. "Mpira? Wa miguu?" Mama akasema wa mikono na miguu. "Wachague kimoja," baba akasema, kisha akaanza kutoa masharti, kwa kuwa kwake kukataa moja kwa moja ni kuua biashara. Hijabu ibaki kichwani. Mikono mirefu ndani ya jezi, suruali ndefu ndani ya kaptula. Asiwepo mwanamume uwanjani isipokuwa mwamuzi. Isha imkute nyumbani. Mama akakubali yote bila kupunguza hata moja, jambo lililomtia baba wasiwasi, kisha akaongeza la kwake: "Na maji utabeba wewe." Hivyo ndivyo baba alivyoingia kwenye timu ya wanawake wa Kiaustralia, na kwa ninavyokumbuka hakukosa mechi hata moja.

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni huu. Uwanja ni duara lililovutwa. Kila upande una nguzo nne. Ukipiga teke mpira ukapita kati ya mbili za katikati unapata alama sita, ukikosea kidogo ukapita pembeni wanakupa moja ya kukufariji, kanuni ambayo baba aliisifu kuwa ndiyo biashara ya kistaarabu. Unaweza kukimbia na mpira mkononi, ila kila baada ya hatua chache uudundishe. Mwenzako humrushii, unauweka mpira kiganjani na kuupiga ngumi, au unaupiga teke. Mwanzo wa yote mwamuzi huudundisha katikati, warefu wawili wakaruka kuupapasa, na pale chini, kwenye msitu wa miguu na viwiko, ndipo kiungo anapofanyia kazi. Mpira unatoka kwake au hautoki. Wafungaji hupigiwa makofi, lakini kiungo akilala, timu nzima imelala.

Miezi ya mwanzo mama aliumizwa vibaya, na aliyemuumiza ni netiboli. Netiboli hairuhusu kukimbia na mpira; ukiudaka unasimama pale pale, mguu unang'ang'ania chini, unatafuta wa kumpa. Mwili wa mama ulikuwa umefundishwa hivyo tangu usichanani na haukutaka kusikia habari nyingine. Aliudaka, akasimama, na wanawake wawili wenye uzito wa friji wakapita juu yake. "Kimbia, Zu! Kimbia!" Keri, aliyelikata jina la Zuhura katikati, alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na mama aliinuka, akafuta nyasi mdomoni, akasimama tena. Anti Florence, aliyekuwa akimkanda mgongo kwa maji ya moto jikoni, alimwambia: "Mama Salma, hawa watu watakurudisha kwenu ukiwa ndani ya bahasha." Mama akasema hapana, ameanza kuona kitu.

Alichokiona ni kwamba wote walitegemea akimbie. Kila mtu kwenye mchezo ule hukimbia, kwa hiyo anayemfuata hujirusha mbele, pale atakapokuwa. Mama akajifunza kusimama nusu pumzi tu. Yule aliyejirusha akapita akaangukia hewani, na mama akabaki peke yake katikati ya kiwanja, na nafasi yote anayoitaka, akaupiga ngumi mpira ule kwa mtu ambaye alikuwa bado hajajua kwamba yuko huru. Keri alijaribu kuwafundisha wengine kusimama vile wakashindwa; walisimama wakiwa wamechelewa au wamewahi. Na juu ya hapo alikuwa na jicho la kulisoma lile yai. Mpira ule ukigonga chini huenda unakotaka, watu wazima hukimbizana nao kama kuku. Mama hakuufukuza. Alikuwa amekwisha kufika. Nilimuuliza anajuaje, akasema, "Lile halidanganyi. Tazama tumbo lake linapogonga, linakuonyesha linaelekea wapi," na nilitazama tumbo lake misimu mitatu mizima nisione kitu.

Misimu mitatu: ndiyo kazi yake yote kwenye mchezo, na ukiitazama kwa haraka utasema si mingi. Mwishoni mwa wa kwanza alikuwa anaanza kila mechi. Katika wa pili waamuzi walimchagua kuwa mchezaji bora wa timu zote, na akapewa kikombe ambacho kilikaa juu ya friji ya jiko la pamoja kikishika miko na vitunguu vya Anti Florence. Walimchukua Abu Dhabi, walimchukua Muscat, ambako timu pinzani ilimwekea wasichana wawili wa kumfuata popote, na mama akawatembeza kiwanja kizima kama watoto wa basi huku wenzake wakifunga. Bwana Gul, ambaye kabla ya hapo aliamini kuna mchezo mmoja tu duniani, kriketi, na unachezwa kwa rungu, alianza kusimamisha basi tupu nje ya kiwanja siku za Ijumaa. Baba alisimama pembeni na chupa zake za maji, mwavuli begani, akipaza sauti, "Zuhura, mpe! Mpe! Usimpe huyo!" Akirudi nyumbani alifafanua makosa ya mwamuzi kwa walinzi wa Kiganda ambao walikuwa wakijaribu kulala.

Mimi nilimwona mama yangu pale kwa namna ambayo sikuwahi kumwona chumbani. Chumbani alikuwa mtu wa kunong'ona, kwa sababu kuta zilikuwa nyembamba na majirani wamechoka. Kiwanjani alikuwa na sauti. Aliwapanga wanawake waliomzidi urefu wa kichwa kizima, "Wewe hapa! Wewe rudi! Yalla!", nao wakaenda. Akipumzika wakati wa mapumziko alikaa kwenye nyasi miguu imenyooshwa, chungwa mkononi, uso mwekundu kwa joto, akicheka kwa mdomo wazi. Nina hakika kabisa kwamba ile ndiyo iliyokuwa sura yake halisi, na nyingine zote alizivaa kwa ajili ya kazi.

Msimu wa tatu uliisha kwa fainali iliyoangukia siku moja kabla ya safari yake. Bibi yangu, huko Tanga, alikuwa anapasuliwa mtoto wa jicho, na mama alikuwa ameomba likizo yake ya mwaka itangulizwe. Angekaa miezi miwili, arudi. Sasa, watu wetu hawasafiri kimyakimya. Ukiondoka hata kwa mwezi mmoja, unapita kwa majirani, unashika mkono wa kila mmoja, unasema: nimekaa nanyi, huenda nimewakosea kwa neno au kwa tendo, mnisamehe, hatujui kama tutaonana tena, uhai si wetu. Naye anakujibu: nimekusamehe, nawe unisamehe. Hakuna anayelia. Unakwenda, unarudi na korosho, maisha yanaendelea. Mama asingeweza kupanda ndege akiwa ameacha timu nzima hajaiaga. Kwake ingekuwa kama kuondoka na funguo za watu. Kwa hiyo Alhamisi alibadilishana zamu ya jiko na Anti Florence, akasukuma chapati, nami nikazihesabu, na baba akaja na sinia ya halua kutoka Deira akijisifu jinsi alivyomchosha muuzaji.

Fainali walishinda. Nitaruka mechi yenyewe ingawa ningeweza kuisimulia kwa dakika, isipokuwa jambo moja: zikiwa zimebaki sekunde chache, timu yetu ikiwa mbele kwa alama tatu, mpira ukadundishwa katikati, mama akaudaka, na mara hii akasimama moja kwa moja, kama zamani, akaukumbatia, wakamwangukia wanne kwa pamoja, na filimbi ikalia wakiwa bado juu yake. Alitoka chini yao akiwa na mpira.

Kisha akafungua chapati. Watu walikula wakiwa na jasho, vidole vimejaa mafuta na halua, na mama akaanza kupita kwa kila mmoja. Alishika mkono kwa mikono yake miwili, akatazama machoni, akasema kwa Kiingereza chake cha basi yale yale tunayosema: nisamehe kwa yote, nami nimekusamehe, labda hatutaonana tena. Nilimfuata nyuma nikiwa na sinia. Yule wa kwanza akaacha kutafuna. Wa pili akamkumbatia. Wa tatu akalia, na alipofika kwa Keri, Keri alilia mpaka mabaka ya puani yakabadilika rangi. Mama akanigeukia akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Masikini, hawa watu wana imani. Sisi tunawadhania wagumu."

Halafu Keri na mwingine mrefu wakainama, wakamshika miguu, wakamweka mabegani mwao. Timu pinzani, waliokuwa wamekwisha kuvua viatu, wakaja wakapanga mistari miwili, na mama akapitishwa katikati yao juu juu, wote wakipiga makofi polepole, bila kelele, na wengine wakifuta macho. Kwetu sisi tuliokuwa pembeni kelele ilikuwepo. Anti Florence alipiga vigelegele mpaka mlinzi wa lango akaja kutazama. "Mama Salma! Kwetu ukibebwa hivi umepita uchaguzi!" Baba alirusha mwavuli hewani. Hijabu ya mama ilisogea kidogo, akairudisha kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa umeinua mpira, na mtu akapiga picha wakati huo huo. Ninayo picha hiyo. Mama anacheka kwa mdomo wazi. Wanawake wawili waliombeba wanalia, na kwa miaka yote niliamini ni furaha ya ushindi.

Alikwenda Tanga, bibi akafunguliwa jicho, mama akarudi na korosho, zikiwemo za timu. Kampuni ya mabasi ilikuwa imebadilisha wahudumu kama inavyofanya, akapangiwa shule nyingine, njia nyingine, dereva mwingine. Kiangazi kikapita, kile cha huku ambacho hata nzi hutafuta kivuli. Joto lilipoanza kulegea, mama alivisafisha viatu vyake vya kuchezea kwa mswaki wa zamani, akaviweka kando ya mlango, na akasubiri simu. Namba ya Keri alikuwa nayo. Baba alimwambia apige yeye. "Mimi sikujialika mara ya kwanza," mama akasema, "niliitwa. Wakinihitaji wataniita." Baba akajaribu bei nyingine: basi tuma ujumbe wa salamu tu. Mama akasema salamu ya mtu anayetaka kitu si salamu. Hapo nikamwona baba, kwa mara ya kwanza maishani, akishindwa kukutana na mtu katikati.

Ijumaa moja aliamka akasema tunakwenda kutembea. Tulipanda basi mpaka kiwanjani, tukasimama nyuma ya uzio, upande wa maegesho, sisi watatu. Viatu vilikuwa ndani ya mfuko wa plastiki, na alidhani sijaviona. Mechi ilikuwa imeanza. Katikati ya kiwanja, akiwa amevaa namba kumi na nne, alikuwa msichana mwembamba wa nywele nyekundu, anayekimbia sana na kufika kwa kuchelewa. Mama alitazama mpira ukidunda mara tatu, nne. Keri akatuona. Aliinua mkono juu, akaupunga kwa nguvu, akitabasamu; mama naye akainua wake akaupunga. Walipungiana mikono kama watu wema wawili, kila mmoja upande wake wa uzio. Kisha mama akasema, "Yalla, twende. Jua kali." Jua lilikuwa linazama. Tulipofika nyumbani alivitoa viatu kwenye mfuko akampa mmoja wa vijana wa Kiganda, ambaye mguu wake haukuingia hata nusu, naye akavipokea kwa heshima zote na kuviweka dirishani.

Hakucheza tena. Korosho tulikula sisi. Alipoulizwa na Anti Florence alisema wamepata vijana zaidi, na kwamba hata yeye angefanya hivyo. Alipofikiri sisikii alimwambia baba kwamba huenda ni hijabu, huenda ni umri, huenda ni kuwa yeye ni mtu wa basi na wao ni watu wa ofisi, na kwamba jambo lililomuuma si kuachwa, ni kubebwa vile kwanza. Aliendelea kuhesabu watoto mpaka baba alipostaafu, wakarudi Tanga, nami nikabaki. Sauti yake ile ya kiwanjani sikuisikia tena popote.

Sasa nina duka Bur Dubai, vitambaa na madera ninayopeleka Dar na Mombasa kwa mizigo, na picha ile iko ukutani juu ya meza ya malipo. Mwezi uliopita aliingia mwanamke Mzungu, mrefu, nywele nyeupe zimekatwa fupi, akitaka kitambaa cha mapazia. Nikampa bei ya watalii. Akacheka, akaigawanya katikati bila aibu, nami nikaanza kumpenda. Tulikuwa tumefika pazuri alipoinua macho ukutani. Akaelekeza kidole kwenye picha, kwa yule aliyeshika mguu wa kushoto.

"Huyo ni mimi," akasema. "Zu yuko wapi?"

Nilimwekea kiti, nikamtuma kijana wa dukani akalete chai. Nikamuuliza, kwa sauti ninayoitumia kuulizia deni, kwa nini hawakumwita. Keri akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua halikuzama mashariki. "Lakini alituaga," akasema. "Hakuna mtu aliyewahi kutuaga vile. Alipita kwa kila mmoja, akaomba msamaha, akasema hatutaonana tena. Tukadhani ni familia, au dini, au ugonjwa. Mtu akikuaga kwa heshima kiasi hicho, humsumbui kwa maswali." Akanieleza kwamba kwao mchezaji hubebwa mabegani siku anapouacha mchezo, na wapinzani humpangia mistari miwili. Kwamba jezi yake waliikalisha mechi za mwanzo bila mtu, na siku tuliyokuja uzioni ndiyo siku ya kwanza mtu mwingine alipoivaa. Walipomwona pale walisema, tazameni, amekuja kuibariki. Kila mwaka kiungo bora wa timu anapewa tuzo yenye jina la mama yangu, wasichana ambao hawajawahi kumwona wakilitamka jina hilo kila mmoja kivyake. "Na tangu siku ile," Keri akasema, macho yamejaa, "hakuna anayeondoka kwenye timu yetu bila kuleta chapati na kupita kwa kila mtu akiomba msamaha. Yeye ndiye aliyetufundisha." Chapati wananunua mtaa wa Karama, kwenye mkahawa. Nazijua zile. Zina matabaka, hazina hata undugu na zetu.

Ningemwambia. Mdomo ulifunguka. Lakini mtu alikuwa amekaa kwenye kiti changu akilia kwa heshima ya kitu ambacho hakikuwa kile alichokidhani, na wanawake wangapi sijui wameondoka kwenye timu ile wamesamehewa kwa sababu yake; nikamkatia mapazia kwa bei ya nyumbani. Akaniachia namba yake. Wanataka mama aje mwisho wa msimu huu atoe tuzo kwa mkono wake mwenyewe, na tiketi watalipa wao.

Kiwanja kile hakipo tena, mnara umesimama pale, una bwawa la kuogelea mahali ambapo mwamuzi alikuwa akidundisha mpira. Nyasi za sasa ziko mbali zaidi, harufu ni ile ile. Wasichana wa leo, nimekwenda kuwatazama Jumamosi mbili, ni wepesi, wana viatu vya rangi, na wote wanakimbia. Hakuna anayesimama. Mama ana magoti mazuri bado, anapanda ngazi za nyumba ya bibi na ndoo mkononi, na kila Ijumaa akinipigia simu huuliza kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa: "Wale Waaustralia wako, bado wanapigana na lile yai?" Nami hujibu, bado, mama.

Nikimwambia, atajua hakuachwa, na kwamba jina lake linaitwa kila mwaka na watu wanaopiga makofi. Atajua pia kwamba miaka iliyobaki kwenye miguu yake ilipotea kwa sababu ya adabu, yake na yao, na kwamba simu moja tu ingetosha, na simu ilikuwa mkononi mwake. Nikinyamaza, atabaki na donda la zamani ambalo amekwisha kulizoea, na tiketi itapita. Nimelihesabu jambo hili mara mbili kama alivyonifundisha, na kila mara nafika kwenye kiti cha mwisho nikiwa na jibu tofauti. Wewe uliyenisoma mpaka hapa, ambaye huenda una mama mwenye kiburi cha namna hii, niambie: ungemwambia? Na ungeanzia wapi? Nijibu kabla ya Ijumaa, maana atapiga.